Barua ya wazi kwa wabunge wa Mkoa wa Mwanza: mpaka kwanza, jinai baadaye

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa majimbo ya Mkoa wa Mwanza.

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria, Mkuu wa Mkoa, Wakurugenzi wa Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela na halmashauri za wilaya.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka mwambao. Tunaowaandikia ni wasaidizi wa kisheria tunaohudumia kata za kandokando ya Ziwa Victoria, huku Nyamagana, Ilemela na Magu. Wanaotujia wengi wanakuja na hati ya mashitaka mkononi, kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja kwenye vifungu, vipimo na taratibu.

Hoja ya kuwaongezea adhabu "wavamizi" wa ardhi na "wazururaji" wa mjini haikauki midomoni mwa viongozi. Siku ikifika Dodoma huenda isije kama muswada unaojitegemea. Itakuja ndani ya Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, mistari michache katikati ya mambo ya kodi na leseni, na itapita jioni wengi wakiwa wamechoka. Ndiyo maana tunaandika mapema. Ombi letu ni kwamba msiunge mkono adhabu kubwa zaidi wala tafsiri pana zaidi ya kosa la kuingia kwa jinai mpaka sheria yenyewe ilazimishe vitu viwili kuwamo kwenye jalada, yaani mpaka unaoonekana na onyo la maandishi. Na vifungu vya uzururaji viondoke kabisa.

Sheria ilivyo sasa ni hii. Kosa la kuingia kwa jinai limo kwenye kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 (tunatumia namba za toleo la 2022). Upande wa mashitaka unatakiwa kuthibitisha kwamba eneo lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, kwamba mshitakiwa aliingia au alibaki humo isivyo halali, na kwamba alikuwa na nia, iwe ya kutenda kosa, au ya kumtisha, kumtukana ama kumuudhi aliyelishika eneo hilo. Adhabu ni kifungo cha miezi 3. Ikiwa ni jengo, hema au chombo cha majini wanamoishi watu, au nyumba ya ibada, au ghala la kutunzia mali, inafika mwaka 1. Maneno hayo ya kutisha, kutukana na kuudhi yametoka kwenye Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla ya kanuni yetu ya 1930.

Anayeona miezi 3 ni midogo asome vifungu vya jirani. Anayeingia kwenye ardhi kwa mabavu ili aishike ana kifungu cha 85, na kifungu hicho hakijali hata kama ardhi ni yake kweli. Anayefyeka mazao au kung'oa uzio ana kifungu cha 326, kuharibu mali, ambacho kinafika miaka 7. Anayevunja nyumba akaingia kutenda kosa ana kifungu cha 294, miaka 14, na ikiwa ni usiku miaka 20. Anayetoa matusi na vitisho ana kifungu cha 89. Mtu anayekuja na mapanga na kundi la vijana hajawahi kukosa kifungu cha kumtosha. Anayebaki na 299 peke yake ni yule ambaye hakuvunja, hakuharibu wala hakutisha: aliyelima, aliyesimamisha kibanda, aliyeanika dagaa, aliyepita njia. Huyo ndiye atakayeibeba adhabu mpya mkiipitisha, na yule wa mapanga haitamgusa.

Kesi hizi zinakwamaje? Hati ya mashitaka kwa kawaida inasema: "Wewe fulani, tarehe fulani, uliingia kwenye shamba la fulani bila ruhusa." Nia haipo. Mahali eneo linapoanzia na linapoishia hapapo. Namna mlalamikaji alivyolishika eneo haipo. Mshitakiwa akifika mbele ya hakimu anasema, "Hilo ni la baba yangu." Hapo vinaamka vitu viwili. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu hawajibiki kwa jinai katika kosa linalohusu mali kama alitenda kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki, bila nia ya kulaghai. Pili, Mahakama Kuu ilishaeleza, kwenye uamuzi ulioripotiwa ukurasa wa 110 wa Tanzania Law Reports za 1992, kwamba shitaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama pale ambapo ardhi ina mgogoro na mwenyewe hajaamuliwa katika shauri la madai. Msimamo huo umerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Lakini ukikaa Mahakama ya Mwanzo, ambako mlalamikaji anaendesha shauri mwenyewe na mshitakiwa mara nyingi hana wa kumsemea, utaona watu wakitiwa hatiani kana kwamba uamuzi ule haupo.

Sasa pigeni hesabu. Aliyefungwa miezi 3 ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Anahitaji nakala ya hukumu, anahitaji mtu wa kumwandikia sababu za rufaa, na jalada linatakiwa lihame kutoka mahakama moja kwenda nyingine. Asipopewa dhamana ya kusubiri rufaa, anaweza kuwa amemaliza kifungo gereza la Butimba kabla rufaa haijapangiwa hakimu. Baadaye hukumu inafutwa. Amerudi nyumbani bila hatia, na shamba limeshapandwa na mwingine.

Tusiwafiche, kuna sababu watu wanakimbilia polisi badala ya baraza. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na zikipita siku 30 bila suluhu mdai anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Huko kuna ada, kuna kuahirishwa, kuna kwenda kukagua eneo. Kituo cha polisi unapata RB, ile namba ya taarifa, siku hiyohiyo. Na wapo wanaojua vizuri kwamba mtu akikamatwa Ijumaa jioni, hata kama Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana, atalala ndani mpaka Jumatatu. Mpaka Jumatatu ameshakubali kuhama. Kesi ya namna hiyo haikufunguliwa ili ishindwe wala ishinde. Kazi yake imeisha Jumapili usiku. Mkiifanya miezi 3 kuwa miaka 3, mnachokiongeza ni bei ya kutoka Jumapili hiyo.

Kwa hiyo tunazungumzia jalada. Jalada la kuingia kwa jinai lililokamilika halina ugumu wowote. Liwe na karatasi inayoonyesha mlalamikaji alivyolishika eneo: hati miliki, leseni ya makazi, hati ya haki miliki ya kimila, au mkataba wa mauziano wenye mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Liwe na mchoro wa eneo wenye majina ya majirani wa pande nne na saini zao, kwa sababu jirani asiyetaka kusaini mchoro ndiye shahidi wa kwanza kwamba kuna mgogoro. Liwe na nakala ya onyo na uthibitisho kwamba lilimfikia mlalamikiwa. Liwe na barua ya Baraza la Kata inayosema kama kuna shauri linalohusu eneo hilo au hakuna. Karatasi nne. Mpelelezi akizikosa, asimpeleke mtu mahabusu. Amwelekeze mlalamikaji barazani.

Mpaka una mambo yake huku kwetu. Kwenye milima ya mawe ya Igogo, Mabatini, Bugarika na Isamilo, nyumba zimepandana kati ya majabali, na kati ya ukuta na ukuta mahali pengine mtu anapita kiubavu. Hapo mpaka ni jiwe lililopakwa rangi au mfereji wa maji ya mvua. Siku hizi tunaona watu wakija na vipimo vya simu kama ushahidi. GPS ya simu, mahali peupe kabisa, inakosea kwa mita 3 hadi 5; katikati ya majabali na mabati inakosea zaidi. Mgogoro wenyewe ni wa nusu mita. Kipimo cha aina hiyo hakimwonyeshi mvamizi, kinamtunga. Kinachofaa ni kifaa cha mpima ardhi chenye usahihi wa sentimita, kikianzia kwenye bikoni (alama za mpaka za upimaji) zilizosajiliwa, na ramani ya upimaji yenye namba. Eneo ambalo halijapimwa lisitafutiwe mkosaji kwa simu.

Ukitoka mjini kuelekea Kisesa na Magu, mpaka ni minyaa au mkonge. Minyaa ni mpaka mzuri, ng'ombe hawali na moto hauumalizi, ila una siri moja ambayo wapelelezi wageni hawaijui: unaota kwa kuchomeka kijiti tu. Mtu akikata vijiti mwanzoni mwa masika akavichomeka hatua mbili ndani ya shamba la mwenzake, baada ya misimu miwili mitatu uzio umesimama na unaonekana wa siku nyingi. Shahidi atasema kweli kabisa: "Nilimkuta amevuka minyaa." Namna ya kubaini ni kuangalia unene wa mashina chini kabisa, si urefu wa matawi, kisha kuchimba kidogo mahali unapodaiwa mpaka wa zamani. Visiki vya minyaa ya zamani huwa vinabaki udongoni. Kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili wenye jembe, mwenyekiti wa kitongoji akishuhudia.

Kuna pia jambo la mifugo, tulipitie haraka. Majaluba, yaani mashamba ya mpunga, yakishavunwa, kwa mazoea ya Usukuma ng'ombe wa wote wanaingia kula mabua. Siku hizi wengi wanafuatisha dengu kwenye unyevu uliobaki, na ng'ombe walewale wa mwaka jana mwaka huu wanaitwa wavamizi na mchungaji anakamatwa. Hili linamalizwa na sheria ndogo ya kijiji yenye tarehe ya kufungua na kufunga majaluba, na fidia inayokadiriwa na afisa kilimo. Polisi hawana la kufanya hapo.

Lakini mahali ambapo sheria mpya ingeumiza zaidi ni ufukweni.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya mazingira. Mita 60 kutoka wapi? Ziwa letu halitulii. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 maji yalipanda kwa zaidi ya mita 1, yakafikia rekodi iliyokuwapo tangu 1964, na Mei 2024 yakapita hapo. Chukueni ufukwe wa mteremko mdogo, ule unaoshuka mita 1 kwa kila mita 50 za kutembea. Maji yakipanda mita 1, ukingo unasogea mita 50 nchi kavu. Aliyejenga mita 70 kutoka majini, nje kabisa ya marufuku, anajikuta mita 20 kutoka majini bila kunyanyua tofali. Maji yakishuka, kinyume chake: panatokea kipande cha mchanga ambacho hakimo kwenye hati ya mtu yeyote, na mwenye kiwanja cha jirani anasogeza uzio kuyafuata maji. Kati ya hawa wawili, mvamizi ni nani? Kwa tafsiri pana ya "kuingia eneo lisiloruhusiwa" tunayoisikia ikipendekezwa, wa kwanza anakamatwa na wa pili analindwa.

Tena kifungu cha 57 chenyewe kinaongelea shughuli za kudumu au zenye madhara. Mwanamke aliyetandaza dagaa kwenye mchanga au kwenye chanja, akazigeuza mara mbili tatu na kuzizoa jioni, hajaweka kitu cha kudumu. Jenereta na pipa lake la mafuta ni jambo jingine, na choo kilichochimbwa hapo ni jambo jingine kabisa. Sheria inajua tofauti hizo, lakini operesheni zinazofagia wote kwa siku moja hazizijui.

Njia za kufika mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, nazo zinafungwa. Kiwanja kinauzwa, kinazungushiwa ukuta, na njia iliyokuwa ikipitisha mizigo kutoka mwaloni kwenda barabarani inageuka kuwa ndani ya uzio. Mizigo ya dagaa na sangara haina mabawa. Watu wanaendelea kupita, wanaitwa waingiaji kwa jinai. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya kupita na njia za umma, ila njia isiyoandikwa kwenye ramani inakufa kimyakimya siku ya kuchora michoro ya mipango miji. Tunaomba kila halmashauri yenye ufukwe, pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile tunavyoviita BMU, ichore orodha ya njia zote za mialo, upana wake kwa mita na zinapoanzia na kuishia, kabla ya kiwanja kingine chochote cha ufukweni kutolewa hati. Na mstari wa mita 60 uwekewe nguzo za zege zenye namba, kila baada ya mita 100, zikipimwa kutoka kiwango cha juu cha maji cha 2024, na viwianishi vyake vibandikwe ofisi ya mtaa. Mpaka huo ukiwapo, anayejenga ndani yake baada ya hapo hana cha kujitetea. Sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kumwambia.

Tuje kwenye uzururaji. Kifungu cha 176 na cha 177 vya Kanuni ya Adhabu vinamshitaki mtu kwa alivyo, si kwa alilotenda. Cha 176 kinamgusa, pamoja na wengine, mwenye nguvu zake asiye na kazi ya uzalishaji wala njia ya kujikimu inayoonekana. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Mia tano! Kiasi hicho ndicho kinachowafanya watu wakiri haraka ili watoke, wakidhani wamelipa kitu kidogo, kumbe wameacha rekodi ya jinai nyuma yao. Cha 177 kinamshika anayeonekana akirandaranda barabarani au mahali pa umma katika muda na mazingira yanayofanya adhaniwe kuwa yupo hapo kwa jambo lisilo halali: miezi 3 mara ya kwanza, mwaka 1 akirudia.

Wekeni kifungu hicho kando ya kazi ya dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, sasa za betri na sola. Taa inavutia samaki kwa sababu kuna giza. Mbalamwezi ikikolea mwanga wa taa unamezwa na mitumbwi inakaa nchi kavu. Kwa hiyo kwa siku nyingi za mwezi, saa 10 na saa 11 alfajiri, mialo ya Ilemela na njia za kwenda soko la Mwaloni Kirumba zinajaa vijana wenye nguo zilizolowa, wasio na kitambulisho mfukoni kwa sababu hakuna anayekwenda nacho majini, wakisubiri mnunuzi, bodaboda au malipo yao. Kwa macho ya mtu aliyeshushwa juzi kutoka mkoa mwingine, kila mmoja wao ni 177. Hana maelezo ya kuridhisha saa ile, na tajiri wa mtumbwi yuko nyumbani amelala.

Nchi hii ilishajaribu njia ya kuwakamata wasio na kazi. Mwaka 1983 ilikuwapo Sheria ya Nguvu Kazi, watu wakasombwa kutoka mijini kwenda mashambani, na wengi walikuwa wamerudi mjini kabla ya msimu kuisha. Majirani zetu wameshatoka huko. Mahakama Kuu ya Malawi ilifuta kifungu cha aina hiyo Januari 2017, katika shauri la mchuuzi aliyekamatwa alfajiri akienda kazini. Mahakama ya Katiba ya Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili, ilifuta vipengele viwili vya namna hiyo Desemba 2022. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi wanachama zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni maoni ya ushauri, hayakazwi kama hukumu ya kesi. Lakini ni maoni ya mahakama ambayo sisi ndio wenyeji wake.

Uingereza, tulikorithi vifungu hivi, ilikuwa na Sheria ya Uzururaji ya 1824, na Bunge lao lilipitisha mwaka 2022 kwamba ifutwe. Mwaka 1994, na tena 2022, walifanya baadhi ya aina za kuingia kwenye ardhi ya watu kuwa jinai, baada ya mabishano makali. Ila hadi leo kule kuingia tu, bila jambo jingine, kumebaki shauri la madai. Tunalisema hili kwa wale wanaopenda kusema kwamba "wenzetu walioendelea" humfunga kila anayevuka uzio.

Sheria ndogo za mjini tunazigusa kwa jambo moja, mali inayokamatwa. Tangu wamachinga walipopangwa upya mwishoni mwa 2021, ukamataji wa bidhaa kandokando ya barabara unaendelea kwa vipindi. Mgambo anachukua beseni la samaki saa 4 asubuhi. Mwenye samaki anaambiwa aje kesho kulipa. Kesho hakuna samaki. Utaratibu unaofaa ni rahisi: orodha ya bidhaa katika nakala mbili, saini ya pande zote mbili, namba ya mgambo isomeke, muda wa kukomboa uandikwe, na malipo yawe kwa namba ya malipo ya serikali tu. Bidhaa zinazooza zisihifadhiwe hata saa moja. Mwenyewe apewe notisi na aondoke nazo. Kosa ni la mahali alipokaa, samaki hawana kosa.

Sasa maneno ambayo tungependa kuyaona kwenye muswada, kama lazima 299 iguswe. Tunapendekeza yasomeke hivi:

"Mtu hatashitakiwa kwa kuingia kwa jinai kwenye ardhi isipokuwa mlalamikaji amempa onyo la maandishi linaloeleza mipaka ya eneo, kupitia ofisi ya mtaa au kijiji, na muda wa onyo umepita. Muda huo ni saa 48 kwa ardhi iliyopimwa yenye bikoni na hati, na siku 14 kwa ardhi nyingine. Endapo mlalamikiwa atafungua shauri Baraza la Kata ndani ya muda huo, hatakamatwa kwa kosa hili mpaka usuluhishi uishe au siku 30 zipite, na shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mpaka liamuliwe. Mazao yaliyopandwa kabla ya onyo yatavunwa na aliyeyapanda. Sharti la onyo halihusu nyumba ya makazi, nyumba ya ibada au ghala."

Tumeweka saa 48 kwa makusudi. Wenye viwanja vilivyopimwa Nyegezi au Buswelu watasema, na ni kweli, kwamba kibanda cha mabati kinasimama kwa usiku mmoja na msingi wa tofali unafuata baada ya siku tatu. Siku 14 kwao ni nyingi mno. Mwenye bikoni na hati amejigharimia mpaka wake, anastahili ulinzi wa haraka. Asiyepimiwa naye ana haki ya kulindwa, ila kwanza ijulikane analindwa kwenye mita zipi. Na onyo lililopuuzwa ndilo ushahidi mwepesi kuliko wote wa nia, kitu ambacho majalada mengi yanakikosa. Mlalamikaji mkweli anafaidika kuliko alivyo leo.

Adhabu iwe na ngazi. Mahakama zina uwezo wa kutoa amri ya huduma kwa jamii chini ya sheria ya 2002, badala ya kifungo. Kwa mtu aliyelima nje ya mpaka, siku kadhaa za kuchimba mitaro ya kata zina maana kuliko miezi 3 Butimba akilishwa kwa kodi zetu. Pamoja na hilo, amri ya kuondoka ndiyo anayoitaka mlalamikaji, na kifungo peke yake hakimpi.

La mwisho ni la utaratibu. Kamati ya Bunge inapoita maoni ya wadau, muda huwa mfupi na wito unafika mjini tu. Muswada wowote unaogusa vifungu hivi tunaomba ubandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za kata na kwenye mialo yote angalau siku 21 kabla, na wabunge mje mkutane na watu wenu huku kabla ya kwenda kupiga kura. Mikutano ya mialoni muipange siku za mbalamwezi, saa 4 asubuhi. Mkiipanga wakati wa giza mtawakuta wenye viwanja peke yao. Wengine wote watakuwa wamelala baada ya kutoka majini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wasaidizi wa kisheria wa kata za mwambao,
Nyamagana, Ilemela na Magu